Daftari la Zaka Mlangoni pa Msiba

Mtu akifariki katika kijiji cha wilaya ya Ngara, mkoani Kagera, kazi hugawanywa kabla jua halijapanda. Vijana wanachukua majembe kwenda kibanjani kuchimba kaburi, akina mama wanakusanya kuni na maji, mmoja anatumwa senta kununua sanda na misumari, na mwingine anakwenda kwa mwenyekiti wa jumuiya ndogo ya Kikristo. Huyu wa mwisho ndiye anayebeba swali la mhadhara huu. Kwa mwenyekiti kuna daftari, ndani ya daftari kuna majina, na mbele ya kila jina kuna miezi ya zaka. Miezi ikiwa imejazwa, katekista anaarifiwa, kwaya inajiandaa, padre anapangiwa muda. Ikiwa mitupu, mazungumzo yanarefuka, sauti zinashuka, na mara nyingine ndugu wa marehemu wanaulizwa kama wanaweza kumalizia kilichobaki.

Kwa kawaida watu huuliza kama zaka ni hiari siku ya Jumapili, kapu linapopita. Hapo jibu huwa rahisi mno. Kapu likipita, mtu anaweza kuingiza ngumi tupu na kuitoa, na hakuna atakayemshika mkono. Mhadhara huu unalihamishia swali msibani, kwa sababu hiari ya jambo haiwezi kupimwa kwa yule aliyetoa. Hupimwa kwa yule ambaye hakutoa: anapoteza nini, nani anajua, na itachukua muda gani watu kusahau.

Kwa upande wa dola, mkulima wa Rulenge huko Ngara au wa Nyakahura huko Biharamulo yuko huru kabisa. Ibara ya 19 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inaliacha suala la imani mikononi mwa mtu binafsi na kuziweka shughuli za jumuiya za dini nje ya mamlaka ya nchi. Hakuna mtendaji wa kata mwenye ruhusa ya kumdai mtu zaka. Ulaya mambo hayakuwa hivyo. Mwaka 779 Karolo Mkuu, mfalme wa Wafaranki, aliifanya zaka kuwa sheria ya nchi. Wafaransa waliifuta katika mapinduzi yao ya 1789. Ireland damu ilimwagika miaka ya 1830, pale wakulima Wakatoliki walipokataa kulipa zaka ya kulitunza kanisa la Kianglikana ambalo hawakuwa waumini wake. Shinikizo la Ngara na Biharamulo halina askari nyuma yake. Lina majirani.

Na jirani ni mtu wa kuogopwa kuliko askari, maana askari huondoka jioni.

Maneno yenyewe yanayotumika yanasaidia kuona tatizo liko wapi. Wakatoliki husema zaka. Waanglikana, Wasabato na Wapentekoste wengi husema fungu la kumi. Kuna sadaka ya kila ibada, kuna ahadi inayoandikwa kwenye bahasha yenye jina, kuna shukrani ya mavuno, kuna fedha za kulitegemeza jimbo, kuna za ujenzi, kuna za kumpokea askofu. Halafu kuna neno moja linaloyafunika yote: mchango. Hilo ni neno ambalo Mtanzania amelisikia kwa muda mrefu likiwa na fimbo ndani yake. Kwa miaka mingi mchango wa dawati, wa mlinzi au wa mtihani uliitwa wa hiari, na mtoto ambaye mzazi wake hakuutoa alirudishwa nyumbani. Januari 2018 Rais John Magufuli aliipiga marufuku michango ya namna hiyo katika shule za umma. Aliyatoa maagizo hayo mtu aliyeingia bungeni mwaka 1995 kupitia jimbo la Biharamulo Mashariki, ambalo baadaye liliitwa Chato. Wazazi wa Biharamulo hawakuhitaji kufafanuliwa: mchango unaomfukuza mtoto darasani ni ada iliyobadilishiwa jina. Ni ajabu kwamba hoja hiyo, iliyoeleweka kwa haraka hivyo shuleni, haijavuka barabara kuingia kanisani.

Ili kuelewa daftari lilifikaje mikononi mwa mwenyekiti wa jumuiya, inabidi kurudi nyuma kidogo. Kanisa la eneo hili lilianza kwa fedha za nje. Wamisionari wa Afrika, wale walioitwa Mapadre Weupe, walijenga misheni zao kwa misaada ya Wakatoliki wa Ulaya na Amerika. Askofu wa kwanza wa Rulenge, jimbo lililoundwa mwaka 1960, alikuwa Alfred Lanctôt, mmoja wa shirika hilo. Waanglikana wa Murgwanza, mlimani juu ya mji wa Ngara, walisaidiwa na wamisionari kutoka Australia. Mkulima alitoa alichoweza, kuku au mkungu wa ndizi, lakini bati, dawa na petroli ya gari la misheni vililipwa na watu asiowajua.

Kisha likaja Azimio la Arusha la 1967 na neno kujitegemea. Mwaka 1971 mchungaji Mkenya John Gatu wa Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki aliwashangaza wengi alipotaka wamisionari na fedha zao visitishwe, ili makanisa ya Afrika yajifunze kusimama. Miaka miwili baadaye, mwaka 1973, maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, katika umoja wao wa AMECEA, waliweka lengo la kanisa lenye watumishi wake, linalojieneza lenyewe na linalojilisha lenyewe. Njia waliyoichagua ilikuwa jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, na mwaka 1976 walizitangaza kuwa kipaumbele cha kichungaji.

Hapo Rulenge ina nafasi ya pekee. Askofu wake kuanzia 1969 hadi 1996 alikuwa Christopher Mwoleka, mtu aliyeuamini ujamaa kwa moyo wake wote. Hakuishia kuuhubiri. Alikwenda kuishi na wanakijiji wa Nyabihanga, kijiji cha ujamaa, akashika jembe pamoja nao. Aliandika kwamba fumbo la Utatu Mtakatifu halikutolewa ili watu wavunje vichwa kulifumbua, lilitolewa ili waishi kwa kuliiga: nafsi tatu zinazoshirikiana kila kitu. Kwake jumuiya ya nyumba chache ilikuwa mahali ambapo shida ya mmoja inajulikana kwa wote na riziki ya mmoja inawagusa wote. Wageni walisafiri kutoka mbali kuja kuyaona mawazo hayo yakiishi kwenye udongo mwekundu wa Ngara.

Mawazo mawili, basi, yalizaliwa karibu siku moja na yakalazwa kitanda kimoja: kushirikishana maisha, na kanisa kujilisha. La kwanza lilihitaji watu wachache wanaojuana. La pili lilihitaji mfumo wa kukusanya fedha hadi kwenye nyumba ya mwisho kijijini. Jumuiya ilifaa kwa yote mawili. Polepole, katika parokia nyingi za Tanzania, la pili likalilemea la kwanza. Mkutano wa jumuiya ukaanza kwa sala, ukapitia Injili kwa haraka, ukatulia kwenye matangazo ya michango. Barua ya viongozi wa jumuiya ikawa ufunguo wa ubatizo, wa ndoa na wa mazishi. Kile ambacho Mwoleka alikiona kama meza ya ndugu kikawa pia dirisha la karani.

Lawama hii haimwangukii mtu mmoja. Gharama ziliongezeka kweli. Mwaka 2008 jimbo la Rulenge lilimegwa ili kuunda jimbo la Kayanga upande wa Karagwe, na lililobaki likaitwa Rulenge-Ngara. Kwa Waanglikana, Dayosisi ya Kagera ilianza 1985 na makao yake Murgwanza. Leo Biharamulo nayo ina dayosisi yake. Kila jimbo jipya linamleta mchungaji karibu na watu, na hilo ni jema. Lakini kila jimbo jipya linataka kanisa kuu, ofisi, nyumba ya askofu na magari ya kupita kwenye matope ya masika, na wanaolipa ni wakulima walewale wa kahawa na maharage, bila hata mmoja kuongezeka. Misaada ya nje nayo imepungua. Mapadre wanaosoma tangazo la zaka kwa ukali wamebanwa na hesabu ambazo hawakuzitunga wao.

Zawadi yenye wajibu ndani yake si jambo jipya. Mwaka 1925 msomi Mfaransa Marcel Mauss alichapisha insha yake maarufu juu ya zawadi. Hoja yake ilikuwa kwamba katika jamii nyingi zawadi huonekana kama tendo la hiari, lakini ukiichungulia ndani utakuta wajibu wa aina tatu: wajibu wa kutoa, wa kupokea na wa kurudisha. Mauss hakufika Kagera, lakini mtu yeyote aliyekulia kule anamwelewa mara moja. Bukoba ya zamani ilikuwa na nyarubanja, ambapo mtu alilima shamba na kumpelekea bwana wa ardhi sehemu ya mazao. Iliitwa heshima, na heshima hiyo isipopelekwa shamba lilikuwa hatarini, mpaka sheria za miaka ya 1960 zilipoufuta utaratibu huo. Kupeleka kitu kwa mkubwa na kukiita zawadi ni jambo ambalo mababu walilifahamu kabla ya kusikia habari za Melkizedeki na Abrahamu.

Tofauti ni kwamba jumuiya hurudisha. Hii ndiyo sehemu ambayo wakosoaji wa zaka huipita haraka. Mama akijifungua kwa shida usiku, wanaombeba hadi barabarani ni jumuiya. Nyumba ikiungua, nyasi na miti ya kuanzia huletwa na jumuiya. Mgonjwa akilazwa Murgwanza au Rulenge, hospitali ambazo makanisa yenyewe yaliziasisi, chakula chake huletwa kwa zamu na watu wa jumuiya. Kwa familia isiyo na kadi ya bima wala ndugu mjini, daftari la mwenyekiti ndilo bima. Kwa hiyo mtu anayetoa shilingi 2,000 mwisho wa mwezi anatoa kwa Mungu, anatoa kwa parokia, na anatoa pia ili siku yake ikifika asibaki peke yake. Haiwezekani kuvitenganisha vitu hivyo ndani ya noti mbili za elfu moja moja. Hata yeye mwenyewe hawezi.

Ndiyo maana jibu la kwamba watu hutoa kwa kulazimishwa halitoshi. Wengi hutoa kwa furaha ya kweli. Anayetaka kuiona na asubiri mnada baada ya ibada, hasa kwa Walutheri na Waanglikana. Asiye na fedha ameleta mayai, mwingine jogoo, mwingine debe la maharage au mkungu wa ndizi. Mzee wa kanisa anasimama nje na kunadi. Yai linauzwa kwa bei ambayo sokoni ingenunua trei, mnunuzi analirudisha, linanadiwa tena, watu wanacheka, watoto wanashangilia. Bibi aliyelileta lile yai ameona likizaa fedha mara tatu mbele ya macho yake, na hakuna aliyemuuliza mwezi uliopita alitoa nini. Hakuna ukaguzi. Katika uwanja ule macho ya watu yapo, tena mengi kuliko kwenye jumuiya, lakini yanamtazama anayetoa. Hayamtafuti asiyetoa.

Daftari linafanya kinyume chake.

Tena, kinachoandikwa humo mara nyingi si zaka. Zaka maana yake ni sehemu ya kumi: mwenye magunia kumi hutoa moja, asiyevuna hatoi kitu. Katika parokia nyingi kinachotozwa ni kiwango kilichopangwa kwa kila mwanajumuiya au kila kaya, tajiri na maskini sawasawa. Mjane wa Bugarama mwenye robo ekari ya migomba na mfanyabiashara wa Benaco mwenye maroli wanaandikiwa tarakimu moja. Watanzania wana jina la zamani la kitu cha namna hiyo: kodi ya kichwa. Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, na boma lao bado limesimama Biharamulo. Waingereza waliendelea na kodi zao, na baada ya uhuru ikaja kodi ya maendeleo ambayo wanaume waliikimbilia porini mgambo walipoingia kijijini. Serikali iliifuta mwaka 2003. Kanisa linaloweka kiwango kimoja kwa wote limeirudisha kodi hiyo kwa mlango wa nyuma, kisha likaipa jina kutoka kitabu cha Walawi.

Kiwango hicho hakijali hata msimu. Ngara fedha huonekana kahawa inapovunwa, katikati ya mwaka; maharage huja na mvua zake. Kati ya hapo kuna miezi ambayo nyumba nzima haina shilingi elfu tano taslimu. Daftari la miezi 12 linamfanya mkulima aonekane mdeni kwa sababu tu hana mshahara.

Neno zaka lenyewe lilikopwa kutoka kwa Waislamu, na Waislamu wa Biharamulo mjini wanaweza kuwakumbusha majirani zao maana yake. Zaka ya mali ni asilimia 2.5 ya kile kilichokaa mwaka mzima, na haimwangukii mtu mpaka mali yake ifikie kiwango maalumu kiitwacho nisabu, thamani ya takriban gramu 85 za dhahabu. Ya mazao yaliyomea kwa mvua ni sehemu ya kumi, na ya shamba la kumwagilia ni nusu ya hiyo. Ni faradhi, hakuna anayejifanya kuwa ni hiari. Lakini asiyefikia nisabu hadaiwi kitu. Zaidi ya hapo, Kurani inataja makundi manane ya wanaostahili kupewa, na mafukara na maskini ndio wa kwanza. Biblia nayo, katika Kumbukumbu la Torati, inaagiza kwamba kila mwaka wa tatu zaka iwekwe mjini ili Walawi, wageni, yatima na wajane wapate kula. Katika vitabu vyote viwili mjane maskini yuko upande wa kupokea. Imekuwaje katika daftari akahamia upande wa kudaiwa? Kati ya maswali yote yanayozunguka zaka, hili ndilo linalouma zaidi, na viongozi wa dini wanapaswa kulijibu kabla ya kuulizwa tena.

Makanisa ya Kipentekoste na Wasabato wana hali nyingine. Kwao fungu la kumi ni la kumi kweli, na mara nyingi mtu hujihesabia mwenyewe. Wasabato hulitenganisha kabisa na sadaka: fungu la kumi hupelekwa ngazi za juu na ndilo linalolipa wachungaji, wakati sadaka hubaki na kazi nyingine. Shinikizo la jirani ni dogo, kwa sababu anayechoka anaweza kuhamia kanisa la pili barabarani. Linalochukua nafasi yake ni hofu. Mahubiri ya sura ya tatu ya Malaki, kwamba asiyetoa anamwibia Mungu na yuko chini ya laana, humfuata mtu hadi kitandani. Mtoto akiugua, baba anaanza kukumbuka miezi aliyoruka. Paulo, katika waraka wa pili kwa Wakorintho, alifundisha kila mtu atoe kama alivyokusudia moyoni, bila huzuni wala kulazimishwa. Sura hiyo ya tisa nayo husomwa makanisani, ila husomwa kwa sauti ya chini kidogo.

Anayedhani kwamba kuhusisha fedha na mazishi ni ushamba wa vijijini na aitazame Ujerumani. Kule muumini aliyeandikishwa hukatwa kodi ya kanisa kupitia serikali: asilimia 8 ya kodi yake ya mapato akiwa Bavaria au Baden-Württemberg, asilimia 9 kwingineko. Septemba 2012 maaskofu Wakatoliki wa nchi hiyo walitangaza kwamba anayejiondoa rasmi hataruhusiwa kupokea sakramenti wala kuwa msimamizi wa ubatizo, na kama hakuonyesha toba kabla ya kufa anaweza kunyimwa mazishi ya Kanisa. Mjerumani, hata hivyo, hukatwa kulingana na kipato. Asiye na kipato hakatwi. Na anayejiondoa bado atazikwa na manispaa, na jirani yake huenda asijue.

Sheria ya Kanisa Katoliki iko wazi kuliko mazoea. Mkusanyo wa sheria wa 1983, katika kanuni ya 222, unasema waamini wana wajibu wa kusaidia mahitaji ya Kanisa. Wajibu upo, hilo lisifichwe. Lakini kanuni ya 848 inaonya kwamba wahitaji wasikose msaada wa sakramenti kwa sababu ya umaskini. Kanuni ya 1181 inarudia onyo hilo kwa mazishi yenyewe: kusiwe na upendeleo wa watu, na maskini wasinyimwe mazishi yanayostahili. Kanuni ya 1184 inawataja wanaoweza kunyimwa: walioasi imani waziwazi, waliochagua kuchomwa maiti kwa sababu zinazopinga imani, na wadhambi wa wazi ambao mazishi yao yangewakwaza waamini, tena kama hawakuonyesha dalili ya toba. Mtu mwenye miezi mitupu kwenye daftari hayumo. Paroko akiwa na shaka, sheria hiyohiyo inamwelekeza apeleke suala kwa askofu wa mahali. Haimpi mhazini wa jumuiya uamuzi juu ya jeneza.

Kwa hiyo hukumu ya mhadhara huu ni hii. Zaka ya Ngara na Biharamulo ni ya hiari kwa yule anayeweza kukosa kuitoa na bado akazikwa kwa heshima ileile. Kwa asiyeweza, ni kodi, hata akiitoa akitabasamu. Tofauti hiyo haitegemei moyo wa mtoaji, ambao Mungu peke yake anauona. Inategemea mambo mawili yanayoonekana: kama majina yanasomwa kwa sauti, na kama daftari linafunguliwa msibani. Waswahili husema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Methali hiyo ilitungwa kumfariji mwenye kidogo, na inauma kuisikia ikitumika kumbana.

Simu imeanza kubadilisha mambo kidogo. Makanisa mengi sasa yanatangaza lipa namba, na mtu anaweza kutuma zaka yake usiku bila jirani kujua ni kiasi gani. Macho ya jumuiya yanapungua, ingawa orodha bado ipo, safari hii kwenye simu ya mhasibu wa parokia. Vijana wa Ngara mjini wanaipenda njia hiyo. Wazee wengine wanasema imeondoa ladha ya kutoa pamoja, na wana haki ya kusikilizwa, kwa sababu ndani ya malalamiko yao kuna kitu cha Nyabihanga.

Viongozi wa jumuiya kwa kawaida huchaguliwa kila baada ya miaka mitatu. Makabidhiano hufanyika sebuleni kwa mtu, au chini ya mwembe: daftari, kalamu, bahasha zilizobaki, pengine kopo la fedha za rambirambi. Mwenyekiti mpya analifungua, anayaona majina ya watu aliokua nao, na mbele ya baadhi yao nafasi zilizo wazi kuanzia Januari. Mkutano ujao uko siku chache mbele. Mwenyekiti aliyepita alikuwa akisimama baada ya sala na kuyasoma yote, moja baada ya jingine, na wenye nafasi wazi walikuwa wakitazama chini.